Nishati ya nyuklia nchini Tanzania

Nishati ya nyuklia nchini Tanzania bado haijatoa umeme: hadi mwaka 2025 nchi haikuwa na kinu cha nyuklia. Ilicho nacho ni urani, hasa kwenye Mto Mkuju wilayani Namtumbo, ambako UNESCO ilikubali mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ubadilishwe ili kupisha uchimbaji. Hivyo suala la usalama linaanzia mgodini, kwa kuwa mabaki ya mawe yaliyosagwa huendelea kutoa mionzi kwa maelfu ya miaka. Msimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 iliipa kazi mbili zisizopatana kirahisi: kudhibiti matumizi ya mionzi na kuyahamasisha. Kanuni za kimataifa hutaka kazi hizo zitenganishwe.