Mshauri Nasaha Si Mpelelezi

Kila linapotokea janga kubwa, kama mlipuko wa bomu Nairobi mwezi Agosti 1998 au mauaji ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015, hutolewa mwito manusura wapelekewe washauri nasaha. Na kila mara madai juu ya kazi ya washauri hao huenea haraka. Nayajibu hapa kwa sababu yanawazuia watu wengi kutafuta msaada ambao ungewafaa.

Dai lenye madhara zaidi ni hili: kwamba dawa ya kiwewe ni kusema yote, upesi, ili moyo upumue. Wataalamu wenyewe waliwahi kuliamini. Kwa miaka mingi manusura walikusanywa siku chache baada ya tukio, wakaulizwa waliona nini, walisikia nini, walihisi nini, kisha wakarudishwa makwao. Tafiti zilipokusanywa na kulinganishwa, ikabainika kwamba kikao hicho cha mara moja hakimkingi mtu na ugonjwa wa kiwewe, na kwamba kuna waliotoka humo wakiwa katika hali mbaya zaidi kuliko ambao hawakupitishwa kabisa. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unasema wazi: mtu asishinikizwe kusimulia yaliyompata.

Kwa hiyo mshauri anayeijua kazi yake haanzi kwa "hebu nieleze ilikuwaje." Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kwamba safari ya kupona ina hatua tatu, na ya kwanza ni usalama. Mteja analala wapi? Aliyemdhuru bado anapita mtaani kwake? Anakula? Nani nyumbani anamwamini? Kisha anafundishwa namna ya kujituliza moyo unapoanza kwenda mbio: kuvuta pumzi polepole, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutaja vitu anavyoviona chumbani. Simulizi hufuata baadaye, kwa mwendo wa mteja mwenyewe, naye ana haki ya kusema, "Leo tuishie hapa." Wasioielewa kazi hii huona hayo ni kupoteza muda. Mimi nasema ndiyo tiba yenyewe. Aliyebakwa au kuteswa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Anayemlazimisha kusema anamnyang'anya mara ya pili.

Wengine huchukua njia ya kinyume: yaliyopita si ndwele, wanasema, asahau tu. Katika ugomvi wa majirani, hiyo ni hekima. Na ni kweli kwamba watu wengi waliopatwa na mabaya hupona bila mshauri, wakishikwa mkono na familia, kazi na ibada. Lakini yuko ambaye miezi imepita na bado anaamka usiku akipiga kelele, anashtuka mlango ukibamizwa, anazunguka njia ndefu asipite mahali fulani. Huyo hakukataa kusahau. Mwili wake unajibu kana kwamba hatari iko mbele yake sasa hivi. Kwake yaliyopita ni ndwele hasa, na inatibika.

Halafu kuna dai kwamba haya ni mambo ya Wazungu, ya wenye pesa na madaktari bingwa, na kwamba penye vita hayana maana hadi amani irudi. Jibu lake liko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha wanawake 405 walionusurika au kushuhudia ukatili wa kingono, katika vijiji ambavyo hatari ilikuwa haijaisha. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wasaidizi wa palepale waliopewa mafunzo na usimamizi. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yakarahisishwa wayashike kichwani. Hawakutakiwa kusimulia ubakaji kwa undani. Walichofanyia kazi, zaidi katika vikundi, ni mawazo yaliyobaki baada yake: kwamba kosa ni lao, kwamba hawana thamani tena. Miezi 6 baada ya tiba, katika vijiji vilivyopewa tiba hii, waliokuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Katika vijiji vilivyopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa asilimia 42. Huko Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwatibu wenzao, na ikafaa.

Kuhusu sala, sibishani na anayesali. Mshauri mzuri hamtengi mteja na sheikh wala padri wake. Huuliza nani anampa nguvu. Ninachokataa ni kumwambia binti asamehe ilhali aliyemdhuru bado anakula naye meza moja.

Na wanaosema mwanaume halii wawatazame askari, madereva na wazima moto wanaozamisha usiku wao katika pombe. Hakuna ushujaa hapo.

Ukimpeleka ndugu yako kwa mshauri, muulize mapema: siku ya kwanza utafanya naye nini? Akikujibu kwamba lazima amwage yote siku hiyohiyo, ondokeni mkatafute mwingine.