Jarida la wanafunzi halingoji mfadhili

Ndugu zetu, watafiti wanakuja kambini, wanatuuliza maswali, wanaandika, wanaondoka. Kazi zao zinatoka kwa Kiingereza, mara nyingi kwenye majarida ya kulipia, na sisi tulioulizwa hatuzioni. Kulalamika hakutoshi. Kwa nini wanafunzi wa hapa tusiwe na jarida letu?

Wengi watasema eti hakuna pesa, hakuna mashine ya kuchapa, hakuna profesa. Sasa tuangalie Dar es Salaam. Novemba 1969 wanafunzi wa chuo kikuu walianzisha jarida lao, Cheche. Walilipiga taipu kwenye stensili, wakalidurufu wenyewe. Mwaka 1970 walitoa toleo maalumu lenye insha ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania. Alikuwa kijana kama sisi. Baadaye akawa profesa wa sheria. Mwaka huohuo serikali ikalipiga Cheche marufuku. Vijana hawakukunja mikono, wakaja na jingine, MajiMaji.

Wao walikuwa na stensili, sisi tuna simu. Tunapendekeza hivi: kila muhula toleo moja, kurasa nne, kwa Kiswahili. Kila makala isomwe na watu wawili kabla haijatoka. Mmoja awe anayelijua somo, kama mwalimu. Mwingine awe mama au mzee wa bloku ambaye hakusoma sana. Huyo asipoelewa, makala inarudi kwa mwandishi. Kisha tuirekodi kwa sauti na kuituma WhatsApp, maana sauti haili bando kama video, na asiyejua kusoma naye atasikia. Nakala moja ibandikwe bombani, kwenye foleni ya maji.

Tuandike nini? Tunayoyaishi: bomba linatoa maji saa ngapi, unga wa mgao unafika siku ngapi. Tuhesabu, tuonyeshe tumehesabu vipi, ili mwingine akitaka arudie apate kutupinga. Hapo ndipo utafiti unatofautiana na uvumi. Na majina ya watu na namba za nyumba tufiche, maana hapa neno linaweza kumponza mtu.

Ukienda kwenye mkutano na manung'uniko, unaambiwa "tutaangalia". Ukienda na hesabu ya siku 30, ni ngumu kukukwepa. Wenye daftari na kalamu, tuanze na bomba, Jumatatu hii. Nani yuko tayari? Andika jina lako hapa chini.