Siku Tatu Tanga na Kiswahili Chetu cha Kambini

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mnaovaa sare, naomba radhi kwanza kwa kuwa ninayoyaandika leo si habari za kazi. Nilikwenda Tanga kwa siku tatu, bila ya kukusudia, nami nilirudi na jambo ambalo siwezi kulinyamazia.

Nilikuwa Mombasa kumpokelea shemeji yangu gari kuukuu lililoletwa kwa meli kutoka Japani. Hati zikachelewa, kama hati zilivyo, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Mwenyeji wangu, dereva wa malori, akasema kwamba yeye huenda Tanga kila wiki, na kwamba kukaa Mombasa nikihesabu mawimbi ni kumaliza fedha bure. Basi Ijumaa alfajiri tukashika njia ya kusini, pasipoti yangu ikagongwa muhuri mpakani Horohoro, na kabla ya adhuhuri tukawa tumekwisha ingia mjini.

Nakiri kwamba sikutarajia kitu. Kwa sisi watu wa Uganda, Tanga ni jina la siku hizi: ni mahali bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linapokomea, baada ya kilometa 1,443, pale rasi ya Chongoleani, ambako marais wawili waliweka jiwe la msingi Agosti 2017. Zaidi ya hapo nilikuwa nimesikia kwamba ni mji wa mkonge, na kwamba mkonge ulipoanguka bei nao mji ukalala usingizi. Nikadhani nitaona mabohari yaliyobomoka na vumbi.

Nilichokikuta ni mji wa jua na upepo. Ghuba yake imeingia ndani ya nchi kama kiganja cha mkono, maji yametulia, na katikati yake kimekaa kisiwa kidogo chenye magofu ya misikiti ya kale. Barabara ni pana na zimenyooka. Huko Ngamiani, wanakokaa watu wengi, mitaa haina majina makubwa makubwa; imepewa namba tu, Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, hata mgeni asiyejua kusoma ramani hapotei. Na baiskeli! Wazee wenye kanzu, wanafunzi, akina mama wenye vikapu vya samaki, wote juu ya baiskeli, bila ya haraka na bila ya kupigiana kelele. Machungwa ya Muheza yamepangwa kando ya njia kwa mafungu. Jioni watu huenda Raskazoni kupunga upepo, nami nikaenda pamoja nao.

Hapo Raskazoni kila askari angepaswa kusimama walau mara moja katika maisha yake. Ndipo waliposhukia majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kutoka Bara Hindi, Novemba 1914, watu wapatao elfu nane, kuja kuuteka mji uliolindwa na watu wapatao elfu moja tu wa upande wa Wajerumani, wengi wao askari Waafrika. Kabla ya kushuka, manowari moja ya Waingereza iliingia bandarini kwa ustaarabu wa ajabu kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana yamekwisha. Von Lettow-Vorbeck akapata nafasi ya kuwaleta watu wake kwa garimoshi kutoka Moshi, kwa maana reli ya Tanga ilikuwa imefika huko tangu 1911. Waliovamia hawakupeleleza ardhi. Waliingia katika mashamba na vichaka wasivyovijua. Na juu ya hayo nyuki wakatimuliwa mizingani, wakawashambulia wa huku na wa huko bila ya kuuliza bendera. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wakirudi melini, wakiacha nyuma wafu wao, bunduki kwa mamia, bombomu, na risasi laki kadhaa. Tumesoma habari hizi katika vyuo vyetu kama somo la mbinu. Lakini nilipouona ufuko wenyewe, wenye watoto wanaocheza mpira, nilifikiri juu ya vijana wale wa Bara Hindi waliokuwa wamekaa melini majuma mengi, wakashushwa usiku mahali wasipopajua hata jina, kuuana na vijana wasiowadai kitu.

Hayo yalikuwa ya Ijumaa. Jambo lililonileta kwenye karatasi hii ni la Jumamosi.

Asubuhi nilimwendea mama mmoja auzaye machungwa, nikamwambia, kama nilivyozoea miaka yote ya utumishi wangu, "Leta machungwa mawili." Hakukasirika. Alinitazama kwa tabasamu, akasema, "Baba, huku kwetu twaomba." Sikumfahamu mara moja. Akanieleza polepole, kama mtu amfundishaye mtoto, kwamba mtu husema "naomba machungwa mawili," nawe hupewa, na fedha ukalipa vilevile. Nikasema "naomba." Akanichagulia makubwa, akayamenya, akanipa na la tatu.

Ndugu zangu, Kiswahili nilijifunzia kambini. Wengi wenu pia. Lugha tuliyoipokea ni lugha ya amri: kaa chini, toa viatu, leta kitambulisho, fungua mlango. Hata neno la kumwita mtu tumeliharibu, tunasema "kuja hapa" badala ya "njoo." Hatukuambiwa kwamba lugha hii ina "tafadhali," ina "samahani," ina "hodi" ambayo mtu huisema mlangoni akangoja aitikiwe. Shikamoo tuliijua, lakini tukaichukulia kuwa ni mambo ya Watanzania.

Sasa tuulizane bila ya kufichana: kwa nini raia wa Buganda, au wa Teso, au wa Acholi, husita akisikia Kiswahili nyuma ya mlango wake usiku? Hakuchukia irabu wala konsonanti. Ameisikia lugha hii kwa miaka mingi ikitoka katika vinywa vya wenye bunduki, wema na wabaya, na hata majambazi waliiga ili wadhaniwe ni askari. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa lugha ya taifa na serikali ambayo askari wake wenyewe walikuwa wakiwatesa watu. Tangazo lile halikuwavuta raia. Mwaka 2005 katiba ikaifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe shuleni kwa lazima. Ni maamuzi mema. Lakini mwalimu ataifundisha darasani kwa chaki asubuhi, nasi jioni tutaifuta kizuizini kwa kelele. Sioni sheria itakayoipendezesha lugha ambayo mtoto huisikia kwa mara ya kwanza pale baba yake anapoamriwa kushuka garini.

Sisemi kwamba Tanga ni peponi. Kituoni pa mabasi wapiga debe walinivuta mkoba nusura uchanike, na nilimwona askari mmoja akimfokea kijana wa bodaboda kwa maneno ambayo hata kambini kwetu yangetosha. Hata hivyo siku mbili kabla, njiani, askari wa usalama barabarani aliyelisimamisha gari letu alianza kwa kusema, "Habari za safari? Samahani kwa kuwachelewesha." Kisha akalipekua gari kwa ukamilifu kuliko nilivyopata kupekuliwa popote. Upole wake haukumpunguzia hata chembe ya kazi. Dereva wangu alimwonyesha kila kitu, hata kile ambacho hakuulizwa.

Jumamosi jioni nilikaa kwenye baraza moja Barabara ya Tisa, penye muuza kahawa. Walikuwapo wazee wanne wakicheza bao. Nikaamkia, nikasogezewa nafasi. Mmoja wao, mrefu, mwenye kofia nyeupe na mguu unaochechemea, akaniuliza natoka wapi.

"Natoka Uganda, mzee."

"Uganda ya wapi?"

"Masaka."

Akanyamaza. Kete zikasimama mkononi mwake. Kisha akasema, "Masaka naijua. Nilifika pale kwa miguu."

Wale walio vijana huenda hawajui. Baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera mwishoni mwa 1978 na kuua raia na kuharibu mali, majeshi ya Tanzania yalivuka mpaka, na Februari 1979 yakaingia Masaka. Mji ule ulipigwa hata sehemu kubwa yake ikabaki kifusi. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita. Mama alitukimbiza kijijini kwa wajomba, na tuliporudi duka la baba lilikuwa ukuta mmoja. Nimekua nikijua kwamba waliotukomboa ndio hao hao waliotubomolea, na sikuwahi kukaa karibu na mmoja wao nikiwa na kikombe mkononi.

Nikamwambia habari ya duka, kwa sauti ya kawaida, maana sikutaka kumwaibisha mbele ya wenziwe. Yule mzee akaziweka kete chini. Akasema, "Tulikuwa na hasira, mwanangu. Tuliyaona ya Kagera. Lakini duka la baba yako halikuwa Kagera. Samahani sana."

Nimewahi kusikia samahani nyingi za wakubwa katika hotuba. Hii ilikuwa ya kwanza kuelekezwa kwangu, na lugha iliyotumika ni ile ile niliyozoea kupigia watu kelele. Sikujua la kumjibu. Nikasema, "Yamekwisha, mzee," ingawa sina hakika kwamba nina mamlaka ya kusema hivyo kwa niaba ya baba. Alinilipia kahawa na kashata, akakataa nisilipe. Tukaendelea na bao, nikafungwa vibaya.

Tanga ni nchi ya marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Yeye naye alikuwa mtumishi wa serikali, karani wa forodha, mtu wa kuulizia watu mizigo na hati kama sisi. Hakuacha kuwa mstaarabu kwa sababu ya kazi ile.

Wakuu wetu huwapeleka askari katika mazoezi ya pamoja ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanakwenda kwa malori, wanalala mahemani, wanarudi wakiwa wameijua nchi ya jirani kwa namba za ramani. Rai yangu ni ndogo na gharama yake ni ndogo: mazoezi yakiisha, wapeni siku mbili bila ya sare na bila ya silaha, wakae barazani, wanunue machungwa, wakosee wasahihishwe. Na katika vyuo vya polisi, somo la Kiswahili lisianze na amri za gwaride. Lianze na hodi. Kruta asipite kwenda kwenye "simama" mpaka aweze kumwomba mtu mzima ampishe njia.

Jumatatu gari la shemeji lilikuwa tayari, na karani aliyenichelewesha nilimwambia "naomba hati zangu," akashangaa kidogo, akanipa kiti. Wanaosema juu ya Tanga husema "waja leo, waondoka leo?" kumsuta mgeni mwenye haraka. Mimi nimekwisha andika barua ya kuomba likizo ya Desemba. Safari hii nitakwenda na picha ya duka la baba, ile moja iliyosalia, kwa sababu yule mzee aliniomba aione.