Bwana Shamba Anashauri: Someni Namba Kabla ya Kununua Amplifaya



Vikundi vingi hununua amplifaya kwa ajili ya ngoma, mikutano na harusi. Fedha hiyo ni jasho la wote. Msichague kwa ukubwa wa kasha. Someni namba.

Kwanza, geuzeni spika. Tafuteni alama hii: Ω. Hiyo ni omu. Spika nyingi zina omu 8 au 4. Mkiunganisha spika mbili za omu 8, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zote pamoja huwa omu 4. Je, amplifaya imeandikwa kuwa inaweza omu 4? Kama haiwezi, itapata moto na kuungua.

Pili, tazameni herufi W. Hizo ni wati. Wati za amplifaya na za spika zikaribiane. Sauti ikikwaruza, punguzeni mara moja. Mkiiacha, spika itakufa.

Tatu, fikirieni betri. Amplifaya inayokula wati 60 kwa betri ya volti 12 huvuta ampea 5. Betri ya gari ya ampea-saa 50 itumike saa 5 tu, kisha ichajiwe. Ikiisha kabisa, huharibika.

Nendeni dukani na spika zenu. Jaribuni kwanza, ndipo mlipe. Daini stakabadhi.