Turudishieni Bwana Msa, Mchawi Bakini Naye

Nasema bila kumung'unya maneno: waandishi walioitengenezea BBC sizoni ya *Sherlock* walitupiga changa la macho. Walituita kwenye upelelezi, wakatufungia mlango, kisha wakatumalizia na uchawi. Sisi wa Musoma tuliokesha tukiifuatilia kwa bando la kuungaunga tuna haki ya kufoka sawasawa na mtu wa London aliyelipia king'amuzi chake.

Kwa asiyeijua, nieleze kwa kifupi. Steven Moffat na Mark Gatiss walimchukua Sherlock Holmes, mpelelezi ambaye Arthur Conan Doyle alimtoa hadharani mwaka 1887, wakamhamisha kutoka London ya magari ya farasi na taa za gesi hadi London ya teksi, kamera za barabarani na simu za mkononi. Benedict Cumberbatch akawa Holmes, Martin Freeman akawa Daktari Watson. Ilianza Julai 2010, ikakoma Januari 2017. Misimu minne, kila mmoja sehemu tatu, na sehemu nyingine moja ya nyongeza. Huku kwetu wengi tuliipata kwa njia inayojulikana: unampelekea flashi kijana wa muvi pale Nyasho, anakuuliza unataka iliyotafsiriwa au ya Kizungu, unamlipa, unaondoka. Najua mtasema haki miliki. Subirini, nitafika huko.

Kwanza niwape sifa zao, maana hasira yangu haina maana msipojua nilivyoipenda. Katika kitabu cha mwaka 1890, *The Sign of Four*, Watson anampa Holmes saa ya mfukoni amweleze habari za mwenyewe. Holmes anaitazama. Pembeni mwa tundu la ufunguo wa kuitia saa hiyo nguvu pana mikwaruzo mingi. Mtu mwenye akili timamu, anasema, hakosi tundu kila usiku. Huyu mkono ulikuwa ukitetemeka, huyu alikuwa mlevi. Sasa mwaka 2010 nani anatembea na saa ya ufunguo? Moffat na Gatiss wakaweka simu. Mikwaruzo ikawa kwenye tundu la chaji. Mlevi yuleyule, mkono uleule unaotetemeka, usiku uleule, ila safari hii anatafuta tundu la chaja. Nilipoiona sehemu hiyo nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Nani kati yetu hajawahi kuona simu ya namna hiyo juu ya meza ya baa? Na wakaongeza utamu: Holmes akadhani mwenye simu, Harry, ni kaka yake Watson, kumbe ni dada. Mpelelezi akapata kila kitu, akakosa kimoja.

Huko ndiko kukipeleka kisa kwenye zama mpya. Hubadilishi fikra, unabadilisha kifaa. Watson wa kitabuni alirudi kutoka vita vya Afghanistan akiwa majeruhi. Watson wa 2010 naye karudi kutoka Afghanistan, kwa sababu Waingereza hawana haya, miaka zaidi ya mia ilikuwa imepita na bado walikuwa kulekule. Holmes wa zamani alikuwa na mafumbo ya kuvutia kiko mara tatu; huyu wa sasa, mji ukiwa umebana wavuta tumbaku, anabandika plasta tatu za nikotini mkononi na kulala chali akiwaza. Watu waliofanya hivi walikuwa wamevisoma vitabu hadi vikachakaa.

Halafu wakalewa sifa. Januari 2012 wakamrusha Holmes kutoka juu ya paa la hospitali mbele ya macho ya Watson. Miaka miwili mizima watu wanabishana aliponaje. Januari 2014 wanarudi na kutupa maelezo matatu, moja la kejeli, moja la kipuuzi, moja linaloelekea kuwa la kweli lakini hata anayesimuliwa ndani ya sizoni analitilia shaka. Yaani unauliza swali la upelelezi, unajibiwa kwa mzaha. Nilivumilia. Nikasema labda ni maringo ya Wazungu.

Mwaka 2017 uvumilivu ukaisha. Wakamtoa mafichoni dada yake Holmes, anaitwa Eurus, amefungwa gerezani kisiwani, na uwezo wake ni huu: akizungumza nawe kidogo tu, akili yako inakuwa yake. Anawageuza walinzi. Anamgeuza mkuu wa gereza. Hakuna dalili ya kufuatilia, hakuna mikwaruzo ya kutazama, hakuna jambo ambalo wewe uliyekaa kwenye kochi ungeweza kuling'amua kabla ya kuambiwa. Anaweza kwa sababu anaweza. Jamani, huyo mimi namjua! Huyo ni mchawi. Wamemvika nguo nyeupe na maneno ya kisaikolojia, wakasema ana akili kupita kiasi, lakini ni mchawi yuleyule wa filamu za Bongo anayenyoosha kidole na mtu anaanguka. Kama nilikuwa nataka mchawi, sikuwa na haja ya kumfuata Uingereza. Vibanda umiza vyetu vimejaa wachawi, na wetu angalau wana kicheko kizuri.

Mtasema, hii ni burudani tu, mbona unatokwa mishipa ya shingo? Natokwa kwa sababu ninaishi Mara. Katika mkoa huu mfugaji aliyeamka na kukuta zizi tupu hakimbilii ramli kwanza, anainama chini. Anatazama kwato: wangapi, wakubwa au ndama, wamepita kabla ya umande au baada yake, waliwaswaga mbiombio au polepole. Wanakijiji wanazifuata nyayo, na kijiji ambacho nyayo zimeingia na hazikutoka ndicho kitakachoulizwa. Mzee wa Kizanaki au wa Kiikizu hahitaji Conan Doyle amfundishe kusoma ardhi. Upelelezi ni mali ya hapa.

Lakini ni Kanda ya Ziwa hiihii ambako vikongwe wameuawa kwa kukatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Shinyanga, Mwanza, Mara, habari hizi tumezisikia hadi masikio yamekufa ganzi. Hebu mweke mpelelezi wa kweli mbele ya bibi yule. Atauliza swali moja la kitoto: kwa nini macho yamekuwa mekundu? Ataingia jikoni, atainama chini ya paa la nyasi lisilo na dirisha, atakohoa, ataona mafiga, kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Ataona miaka hamsini ya moshi. Kesi imekwisha. Kisha atauliza swali la pili, ambalo wengi hawalitaki: nani atarithi shamba la bibi huyu? Hapo utaona watu wanatazamana.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kwenye kisa cha upelelezi si neno uchawi ukitatua fumbo, mradi picha ni nzuri na muziki unatisha, mimi simchekei.

Na hapa ndipo hasira yangu inapovuka bahari na kurudi nyumbani. Maana sisi tulikuwa na mtu wetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, aliyekuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kitabu kikatoka mwaka 1960. Humo maiti ya tajiri inakutwa mzimuni, mahali pa matambiko, na kila mtu ana jibu tayari: wa kale wamekasirika. Anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, mpole, mchunguzi, mwenye maswali madogomadogo ya kuudhi, na anakataa katakata kukubali kwamba mzimu unaua. Mwuaji ni binadamu, ana sababu, na ameacha alama.

Pimeni wenyewe. Waingereza walianza na mikwaruzo ya simu, wakaishia kwa mchawi. Mzanzibari alianzia kwa wachawi na mizimu, akaishia kwenye ushahidi. Yupi kati ya hawa ni wa kisasa?

Bwana Msa akaendelea. *Kisima cha Giningi* mwaka 1968, *Siri ya Sifuri* mwaka 1974, na vingine hadi *Kosa la Bwana Msa* mwaka 1984. Abdulla alifariki mwaka 1991. Tangu hapo televisheni za nchi hii zimepata mitambo, visimbuzi, chaneli za filamu usiku na mchana, na mimi mpenzi wa hadithi hizi sijapata kumwona Bwana Msa hata siku moja akipita kwenye kioo. Ninachokiona ni tamthilia za Kituruki. Sina ugomvi na Waturuki. Nawapongeza hata wanaozitia sauti, maana Kiswahili chao mara nyingi ni kizuri kuliko cha wasoma habari. Ila niambieni: tumeweza kumpa Kiswahili jemadari wa Kituruki aliyepanda farasi, tunashindwaje kumpa kamera mtu ambaye Kiswahili anacho tayari, tena cha Unguja?

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba watu wanataka ngumi na risasi. Basi chukueni Willy Gamba. Elvis Musiba alituandikia *Kufa na Kupona* mwaka 1974 na *Kikosi cha Kisasi* mwaka 1979, jasusi wa Kitanzania anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika kuanzia Nairobi hadi Kinshasa. Chukueni Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Chukueni *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, ambayo wazazi wetu waliisoma kwa kupokezana mpaka jalada likabaki hadithi. Ghala limejaa, wenyewe tunaomba chakula kwa jirani. Ninachoomba ni kimoja: msimvalishe Bwana Msa bastola ya Willy Gamba. Silaha yake ni swali. Mkimpa bunduki na wasichana wawili kwenye gari nyekundu mtakuwa mmetengeneza mtu mwingine, mpeni na jina jingine.

Wapo watakaodai kwamba ukiheshimu kitabu huwezi kuwa wa kisasa. Hao wapande gari hapa stendi ya Bweri washuke Butiama. Kuna mtu amelala pale Mwitongo ambaye, katikati ya kazi ya kuongoza nchi changa, alimhamisha Shakespeare. Tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka mwaka 1963, *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Mwalimu alibadilisha kila neno la yule Mwingereza, na bado mapigo ya ushairi wake yapo, njama zipo, usaliti upo palepale ulipokuwa. Rais wa nchi aliona kazi hiyo inastahili usiku wake. Mtayarishaji wa tamthilia anashindwa kusoma kitabu kimoja cha Bwana Msa hadi mwisho kabla ya kuita waigizaji?

Na visa vya kisasa havikosekani. Mweke Bwana Msa Bunda mjini, mjane amepokea ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii. Ametuma. Aliyeuandika ujumbe alijuaje kwamba siku hiyo hiyo mama alikuwa anadaiwa ada? Hapo kuna fumbo, na jibu lake liko karibu sana na nyumbani kwa mama. Mpeleke Buhemba kwenye maduara ya dhahabu, mchimbaji amekufa chini na kila mtu anasema mgodi umetaka kafara. Bwana Msa atauliza nani alikuwa zamu ya kushika kamba. Mweke mwaloni asubuhi, sangara wanapimwa, mzani unasoma vilevile kila siku isipokuwa siku ambayo karani fulani hayupo. Najum, rafiki yake, anatuma sauti za dakika saba kwenye kundi la familia akisimulia yote, na hakuna anayezisikiliza. Kiko? Kiacheni. Mzee wa umri ule aking'ang'ania kiko chake na vijana wakamcheka, hapo tayari mna mazungumzo.

Niliahidi kufika kwenye haki miliki. Nimefika. Kazi za Abdulla zina wenyewe, na za Musiba na Mtobwa vivyo hivyo. Anayezitaka akae mezani na familia na wachapishaji, asaini, alipe kabla kamera haijawashwa. Asije akabadilisha jina la Bwana Msa kuwa Bwana Mussa na kudhani amekwepa. Nasi watazamaji tuwe tayari kulipia, si kumpelekea kijana wa Nyasho flashi. Mimi nitakuwa wa kwanza kutoa pesa yangu, na nitawachangisha wenzangu.

Ndugu watayarishaji wa Dar es Salaam na Unguja, ombi liko mezani kwenu. Tafuteni waandishi wanaopenda vitabu hivi. Wekeni kila dalili wazi, mtazamaji wa Musoma aione wakati uleule mpelelezi anapoiona, na ashindwe kwa haki. Na kabla ya kurekodi sehemu ya mwisho ufungueni ukurasa wa mwisho wa muswada mwangalie nani anafichua mwuaji. Kama ni mganga, ndoto au jini, chaneni mwanze upya.