JE, WAJUA? Kasese na Bwera, miji tuliyopita mbio

 

Mwezi huu tumechagua mahali ambapo wengi wetu tulipita bila kupaangalia. Muulize mtu hapa kambini, "Bwera unaikumbuka?" Atakujibu: foleni, mvua, hema, mtoto analia. Basi. Na watoto wakituuliza tulipita wapi, tunawaambia "mpakani" tu, kama vile mpaka hauna wenyewe. Kumbe una wenyewe, na wana habari zao. Haya tuzisikie.

MAHALI. Bwera iko jirani na Mpondwe. Ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, Kongo. Kutoka Bwera hadi mji wa Kasese ni kama kilomita 50. Ikweta inakata barabara kuu karibu na Kikorongo, yaani uko katikati kabisa ya dunia na jua linachoma, lakini mawingu yakifunguka unaona barafu mlimani! Hiyo ni Rwenzori. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, ni cha tatu kwa urefu Afrika, na Uganda na Kongo wanakigawana. Mwitaliano Luigi Amedeo alikifikia Juni 1906. Tangu wakati huo barafu imeyeyuka sana, iliyobaki ni kidogo. Wenyeji wanaiita nzururu, na ndipo linapotoka jina Rwenzururu.

MAJINA. Hapa ndugu zetu wa Beni na Butembo watacheka. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja, na majina yao yanahesabu watoto. Mvulana wa pili kule Kongo ni Kambale, hapa ni Bwambale. Wa tatu Kasereka, hapa Masereka. Wa nne Kakule, hapa Kule. Wa tano Katembo, hapa Thembo. Msichana wa kwanza ni Masika pande zote mbili, hata hakubadilika! Na chakula je? Bundu, ule ugali wa muhogo, pamoja na sombe. Mto umegawa nchi, haukugawa sufuria.

SHABA NA RELI. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, ikaishia hapo. Ilifuata shaba ya Kilembe, iliyopelekwa Jinja kuyeyushwa. Watu walitoka mbali kutafuta kazi, na mji ukakua kwa wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ule mkubwa ulisimama, na baadaye treni nayo ikaacha kuja. Lakini chumvi ya ziwa Katwe, iliyoanza kuchimbwa zamani kabisa kabla ya reli, bado inachimbwa kwa mikono.

MFALME ALIYEKUWA MKIMBIZI. Mwaka 1962 Wakonzo na Waamba walikataa kuwa chini ya Tooro, na Isaya Mukirania akatangaza Rwenzururu. Alikufa 1966, mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1982 alitoka mlimani, na 1984 akaenda Marekani kusoma. Msaada wa masomo ukakatika, akaomba hifadhi kama sisi. Akajifunza uuguzi wa chini, akahudumia wazee na wagonjwa miaka mingi, na wengi waliofanya naye kazi hawakujua kwamba ni mfalme. Oktoba 2009 akatawazwa nyumbani. Mambo hayakuwa rahisi: Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa Kasese katika mapigano kati ya jeshi la serikali na walinzi wake, naye akakamatwa. Kesi ilifutwa 2023, na mwaka huohuo akarudi Kasese.

MICHEZO. Tangu 2022 Kasese ina mbio zake kila mwaka, Rwenzori Marathon. Wenye pumzi wanakimbia kilomita 42, wengine 21 au 10, na hata sisi wa tumbo kubwa tunawekewa 5.

MACHOZI. Tusidhani kwamba waliotupokea walikuwa wamekaa raha. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na miaka iliyofuata watu wengi wa milima ile nao walilala kambini. Mei 2013 na tena Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika, ukabeba nyumba za Kilembe na kuharibu hospitali. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka, lakini wauguzi wa Kagando na Bwera waliigundua mapema, haikuenea. Na tarehe 16 Juni 2023 ADF hao hao waliingia katika shule ya sekondari Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Adui aliyetufukuza sisi wengine kule Beni ndiye aliyewaliza na wao.

Kwa hiyo, baba, mama, mtoto akikuuliza tena mlipita wapi, usimwambie "mpakani" ukanyamaza. Mwambie: tulipita kwa watu wanaotujua kwa majina, waliokuwa na msiba wao na bado wakatupisha.

ZOEZI LA WATOTO: Tafuta jirani anayeitwa Masereka au Kasereka. Muulize ana kaka wangapi waliomtangulia. Jibu lake litakuambia kama umesoma vizuri!

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.