KUBADILI KIFAA KATIKA MCHORO WA UMEME SI KAZI NDOGO

Wengi wetu tukiwaona mafundi wa umeme juu ya nguzo hapa Buswelu, husema ya kuwa kazi ya umeme ndiyo hiyo: mkanda, ngazi, koleo na waya. Sikatai, kazi ile ni ya wanaume na wanawake hodari. Lakini iko kazi nyingine isiyoonekana barabarani, nayo ni kuutunza mchoro wa njia za umeme katika kompyuta. Maoni yangu ni kwamba mchoro ukiwa na uongo, hata fundi hodari atapotea. Kwa hiyo yafaa sisi wanafunzi tujifunze kazi hiyo mapema.

Kila mtu anajua jinsi mji wetu ulivyokua. Tangu Manispaa ya Ilemela ilipoanzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu kuwa hapa, nyumba zimepanda mpaka katikati ya mawe. Mahali palipotoshwa na transfoma ndogo, leo pana mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea vyuma na majokofu. Basi, tuseme transfoma ya kVA 100 imeelemewa, na mhandisi anataka kuweka ya kVA 200. Katika kompyuta afanyeje? Mwanafunzi mwepesi atajibu: "Afute ile ndogo, achore kubwa."

Jibu hilo ndilo lenye hatari. Katika programu za kazi hii transfoma si picha tu. Imefungamana na njia ya volti 11,000 iliyo juu yake, na nyaya za volti 400 zilizo chini yake, na mita ya kila nyumba. Ukiifuta, mafungamano hayo yaweza kukatika. Ile mpya itaonekana haina mzigo wowote, na anayepanga kazi atazidi kuiongezea nyumba. Jioni watu wote wakiwasha taa, mwanga utafifia, na mwisho transfoma itaungua. Dawa yake ni kubadili bila kufuta: kifaa kipya kirithi mahali na mafungamano ya kile cha zamani. Kiranja akibadilishwa, hatulifuti darasa zima katika rejista.

Tena, kifaa hakikai peke yake. Transfoma ya kVA 100 hutoa kiasi cha ampea 144 kwa volti 400. Ya kVA 200 hutoa kiasi cha 289. Kwa hiyo fyuzi na nyaya zake lazima zitazamwe upya. Mchoro ukiendelea kuonyesha fyuzi ya zamani, fundi ataweka fyuzi ndogo nayo itakatika kila siku. Au mtu mwingine atachoka, afunge waya mnene mahali pake, na hapo ndipo moto huanza.

La tatu ni ukweli wa shambani. Nchi yetu ya Mwanza ni ya mawe. Mchoro waweza kusema nguzo isimame hapa, na sururu ikakataa, mafundi wakaisogeza. Au nguzo ya mti ikabadilishwa kwa ya zege, ambayo mchwa hawaili, lakini ni nzito na yataka gari la winchi na njia ya kulipitisha. Mambo hayo yasiporudishwa katika mchoro, ofisi itakuwa na Buswelu yake na sisi tutakuwa na yetu. Mtu akizima swichi kwa kufuata mchoro wa zamani, mwenziwe aweza kushika waya ulio hai. Hapo hatuzungumzi habari za kompyuta tena, twazungumza habari za roho ya mtu.

Wazazi wetu wanao mfano karibu. Mita za LUKU zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inakwisha tarehe 24 Novemba 2024. TANESCO ikawapa wateja tarakimu za kuingiza ili mita zihesabu upya. Mita isiyobadilishwa ingekataa umeme ulionunuliwa baada ya siku hiyo. Kuibadili mashine ya ofisini peke yake hakukutosha. Ilibidi mita ya kila ukuta ifuate. Hivyo ndivyo ilivyo kwa nguzo na transfoma.

Wapo watakaosema ya kuwa haya ni mambo ya wahandisi, na mwanafunzi ashike vitabu vyake. Nawajibu kwamba wahandisi hao walikuwa wanafunzi jana. Fizikia yatufundisha ampea, jiografia yatufundisha ramani, na programu ya QGIS hupatikana bila malipo. Basi naishauri klabu ya sayansi ichore njia za umeme za shule yetu: kila swichi, kila fyuzi, kila taa. Kisha kila kitu kinapobadilishwa, na mchoro ubadilishwe siku ile ile, na aliyebadili aandike jina na tarehe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo. Nitayasoma kwa furaha.